Mpe mwanao kalamu, umwachie na siri yake

Kama una mtoto mwenye ugonjwa wa muda mrefu, na usiku umemkuta ameinamia simu akitunga hadithi ya kupeleka kwenye kundi lake la uandishi, usikimbilie kumwambia anapoteza muda na bando. Muulize kwanza mada ya wiki hii ni ipi. Huenda jibu lake likakuambia kuhusu afya yake jambo ambalo hajawahi kulitamka mbele yako wala mbele ya daktari.

Makundi haya utaratibu wake ni mwepesi. Mwanzoni mwa wiki mmoja anatoa mada, tuseme "mvua" au "mgeni wa usiku". Kila mwanachama anaandika ukurasa mmoja au beti chache, na kabla ya wiki kwisha wote wanasomeana na kutoa maoni. Kwa kawaida hakuna zawadi ya fedha. Faida ni kuandika, kusomwa na kujibiwa.

Wapo wanaoona haya ni mambo ya kuiga kutoka nje, lakini sisi tumeyafanya kwa miaka mingi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji. Mtu alituma shairi lake, na mwingine wa mkoa wa mbali, asiyemfahamu hata kwa sura, akaliona na kumjibu kwa vina na mizani. Simu imefupisha safari ya barua tu.

Sasa tuje kwenye afya. Mwaka 1986, mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall wa Marekani waliwaomba wanafunzi wa chuo waandike kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Baadhi waliandika tukio lililowaumiza pamoja na hisia zao, wengine waliandika mambo ya kawaida. Katika miezi iliyofuata, walioandika tukio na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi.

Mwaka 1999, Joshua Smyth na wenzake waliwajaribu wagonjwa wa pumu na wa baridi yabisi. Waliandika kwa dakika 20, siku tatu. Baada ya miezi minne, karibu nusu ya walioandika mambo mazito ya maisha yao walikuwa wamepata nafuu ambayo daktari aliiona, yaani asilimia 47. Walioandika mambo ya kawaida, waliopata nafuu ya namna hiyo walikuwa asilimia 24. Wote waliendelea na matibabu yao kama kawaida. Tafiti zilizofuata zimetoa matokeo tofauti, nyingine zikiona faida ndogo, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kalamu ni dawa ya pumu.

Utafiti mwingine unawahusu zaidi watunzi. Mwaka 1996, wanafunzi wa kike wa chuo ambao maishani walikuwa wamepitia mambo ya kuumiza waligawanywa. Kundi moja liliandika yaliyowapata kweli, lingine likaandika masaibu ya kubuni, kana kwamba yamewapata wao. Hata walioandika ya kubuni walikwenda kutibiwa mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Kwa maneno mengine, si lazima mtu aanike maisha yake ili apate unafuu.

Hapo ndipo ninapoona umuhimu wa hadithi kwa vijana wetu wa Songwe. Fikiria binti wa kidato cha pili aliyezaliwa na virusi vya Ukimwi, anayemeza dawa zake bwenini kwa kujificha. Hawezi kuandika "mimi". Lakini anaweza kutunga habari za msichana mwenye kichupa anachokificha chini ya godoro, akamwacha huyo aseme hasira na hofu yote. Vivyo hivyo kwa kijana wa selimundu aliyechoka kuambiwa mvivu kila maumivu yanapomrudia.

Tunduma ina mazingira yake. Ni mji wa mpakani, malori yanapanga foleni kuelekea Nakonde usiku na mchana, na biashara haimsubiri mtu. Mzazi anatoka alfajiri na kurudi watoto wamelala. Dereva mwenye kisukari au shinikizo la damu anakaa siku kadhaa ndani ya lori, hana wa kuzungumza naye ila simu yake. Kwa watu wa namna hii, kundi linalokusubiri kila wiki lina thamani, maana usipoandika kuna mtu atauliza, "Vipi, leo mbona kimya?" Mgonjwa anayeulizwa hivyo hayuko peke yake.

Hata hivyo, ninaunga mkono jambo hili kwa masharti.

Kwanza, dawa haziachwi. Vidonge, kliniki na tarehe ya kurudi hospitali vinabaki palepale. Kundi la uandishi likianza kushauri watu waache ARV au insulini, toka siku hiyohiyo.

Pili, tenganisha daftari na kundi. Yenye jina lako, ugonjwa wako na ya nyumbani kwako yaandike kwenye daftari. Kundini peleka ulichokitunga. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria haiwezi kuirudisha picha ya ujumbe wako iliyokwisha kusambaa Tunduma nzima. Ukimwandika mgonjwa mwingine, badilisha jina, mtaa na kila kitakachomtambulisha.

Tatu, usichokonoe kidonda kibichi. Hata katika utafiti wa 1986, walioandika mambo mazito walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika. Aliyefiwa juzi au aliyefanyiwa ukatili karibuni asilazimishwe kuandika tukio hilo. Na ukiona siku zinapita unazidi kuzama, huli wala hulali, weka kalamu chini uende kituo cha afya. Sonona inatibika.

Nne, mjue anayeongoza kundi. Mtoto asiwe kwenye kundi la watu wazima wasiojulikana, na mtu akianza kumtumia ujumbe wa faragha au kumwomba picha, mzazi aambiwe mara moja. Simu ya Huduma kwa Mtoto ni 116, haina malipo.

Mzazi, neno langu la mwisho ni lako. Jua kundi, jua saa za simu, lakini daftari la mwanao usilifungue kwa siri. Akijua unalisoma, ataanza kukuandikia wewe, na ukweli utahamia mahali usipopaona. Omba akusomee anachopenda. Ukisikiliza, usianze na makosa ya tahajia, na kama amechanganya Kiswahili na Kinyamwanga au Kinyiha, mwache. Hapo hafanyi mtihani.

Lipo jambo moja linalovunja utaratibu huo. Mhusika wake akitaka kufa kila wiki, au mtoto akiandika kwamba yeye ni mzigo, usiseme "ni hadithi tu". Muulize waziwazi, kwa upole, kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, bali kunampa nafasi ya kusema. Akikubali, usimwache peke yake. Ondoa karibu naye dawa na sumu za shambani, umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kwa ushauri wa afya, Wizara ina namba ya bure, 199.

Kwa asiye na simu janja, daftari moja na watu wanne wanatosha, wawe jirani, wanakwaya au wagonjwa mnaokutana kliniki. Pangeni siku, chagueni mada, kila mtu aje na ukurasa wake. Mkikosa pa kuanzia, wiki ya kwanza andikeni kuhusu kitu ambacho daktari hajawahi kuwauliza. Kisha, siku ya kliniki, mwambieni.