Manukato ya Kilosa yaanzie mashamba ya Morogoro

Joto la Kilosa halivumilii unyunyu. Anayejipulizia alfajiri kabla ya kwenda kazini hufika saa nne akiwa amebakiwa na harufu hafifu kwenye kola ya shati, kwa kuwa spiriti iliyobeba manukato imekwisha kuruka na jasho limemaliza kilichosalia. Anayepaka tone la mafuta ya manukato nyuma ya sikio na jingine ndani ya kiwiko hukutana na jambo tofauti: jua likipanda na ngozi ikapata moto, ndipo harufu inapoamka. Kwa watu wa wilaya hii, wa Bonde la Mkondoa na wa Mikumi, mafuta haya yanafaa kuliko chupa ya kupuliza. Kinachosikitisha ni kwamba mengi ya yanayovaliwa huku hayana jina la mtengenezaji wala maelezo ya kilichomo, ilhali mkoa wa Morogoro una karibu kila kinachohitajika kuyatengeneza.

Tofauti kati ya unyunyu na mafuta ina sababu rahisi. Chupa ya kupuliza hujazwa spiriti kwa sehemu kubwa, na kazi ya spiriti ni kuinua harufu na kuitawanya haraka. Mafuta hayana kisukumizi hicho. Harufu nyepesi za limau na mchaichai hutangulia kutoka, zikafuatwa na maua kama asumini na langilangi, na mwisho hubaki nzito: msandali, udi, pachuli na miski. Mvaaji huianza siku na harufu moja akaimaliza na nyingine.

Pachuli ni mfano mzuri. Asubuhi huwa kali, yenye harufu ya udongo uliolowa mvua, na wasioizoea huikataa papo hapo. Kufikia alasiri imetulia, imekuwa tamu na laini. Karafuu hutangulia kwa ukali unaofika hadi puani, kisha huacha joto la viungo linalokaa hata baada ya kunawa mikono. Miski nyeupe haina makuu. Mara nyingi mvaaji mwenyewe huacha kuisikia, akashtuka anapoambiwa ananukia. Jioni ya Mikumi, joto linapopungua, msandali na udi ndio hupata nafasi yao, maana hewa isiyo na moto haizirushi harufu hizo zote kwa mkupuo.

Kuna pia suala la adabu. Mikumi ni njia panda ya Iringa na Ifakara, na maisha ya wengi huko ni ya ndani ya mabasi. Unyunyu uliopulizwa kwa wingi huenea kwenye viti vyote, apende asipende aliyekaa nyuma. Mafuta hukaa karibu na ngozi. Anayeyasikia ni aliyesogea kusalimiana, na hiyo ni heshima kwa jirani.

Desturi yenyewe ni ya siku nyingi. Al-Masudi, msafiri wa Kiarabu wa karne ya 10, aliisifu ambari ya pwani ya Zanji, yaani pwani hii ya Afrika Mashariki. Wanawake wa Unguja na Pemba wamesuka vikuba vya asumini na rehani vizazi kwa vizazi, wakasaga liwa, wakafukiza nguo kwa udi juu ya chetezo. Katika karne ya 19 Bonde la Mkondoa lilikuwa mojawapo ya njia za misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na baadaye likapitiwa na reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Watu wa pwani walipita na kulowea, wakaja na dini, mapishi na manukato yao. Ndiyo maana mtu wa Kilosa hahitaji kufundishwa kwamba Ijumaa, Idi au maulidi huendewa ukiwa unanukia, na Waislamu wengi huchagua mafuta hasa kwa sababu hayana spiriti.

Kilichobadilika ni bidhaa. Siku hizi mengi huuzwa kwa kupima: mafuta yanatoka kwenye chupa kubwa yakiwa na jina la pafyumu maarufu ya Paris au Dubai, yanahamishiwa kwenye kichupa chenye kigololi, na safari yake inaishia hapo. Hakuna kibaya kwa mtu wa kipato kidogo kutamani kunukia vizuri kwa bei anayoimudu. Hakuna kibaya pia kwa harufu ya maabara. Miski ya kutengenezwa ilianza mwaka 1888 kwa kazi ya mkemia Albert Baur, nayo imewapunguzia mzigo paa wa miski wa Asia waliokuwa wakiuawa kwa ajili ya tezi zao. Kibaya ni ukimya. Mnunuzi haambiwi mafuta ya msingi ni yapi, harufu imetoka kwenye mmea au maabara, wala ni nani wa kuulizwa ngozi ikiwasha.

Nchi za Bahari ya Hindi zimeonyesha njia nyingine. Komoro inaongoza duniani kwa mafuta ya langilangi, ua ambalo watengenezaji wa Ufaransa hawawezi kuliacha. Oman ilianzisha nyumba ya manukato ya Amouage mwaka 1983 na kuuzia ulimwengu ubani wa Dhofar ukiwa ndani ya chupa yenye jina la Oman. Hapa hapa kwetu, kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar kilichopo Wawi, Pemba, hukamua mafuta ya makonyo ya karafuu, mchaichai na mkaratusi. Wote hao walianza na kilichokuwa kinaota kwao.

Morogoro nako kunaota mengi. Miteremko ya Uluguru, upande wa Matombo, Mkuyuni na Kinole, ina karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga. Kilosa yenyewe inalima ufuta, na mafuta ya ufuta ni mojawapo ya mafuta ya msingi yaliyotumiwa tangu kale na mafundi wa uturi wa India kuloweka maua. Mchaichai uko nyuma ya nyumba nyingi, ukisubiri chai.

Utaalamu wa kukamua si wa kutisha. Majani au makonyo huwekwa kwenye chombo kilichofunikwa, mvuke ukapitishwa humo, kisha ukapoozwa kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi. Kinachotoka ni maji yenye mafuta. Mafuta ya mchaichai huelea juu; ya karafuu, yakiwa mazito kuliko maji, huzama chini. Fundi wa kuchomelea anayeelewa anachokifanya anaweza kutengeneza mtambo mdogo, na SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ipo Morogoro. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo nacho kipo mkoani humo. Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama kinachotengeneza sabuni leo kiko hatua chache tu kutoka kwenye manukato.

Lakini si kila harufu inastahili kutafutwa porini. Msandali wa Afrika Mashariki hubeba mafuta yake kwenye moyo wa mti na mizizi, kwa hiyo wavunaji haramu huung'oa mzima. Uharibifu huo ulifikia kiwango ambacho mwaka 2013 mti huo uliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Vivyo hivyo kwa fungo, mnyama mdogo wa usiku anayetoa zabadi ya manukato, ambaye nchini Ethiopia bado hufungiwa vizimbani ili akamuliwe. Fungo wamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na humo ndimo wabaki. Manukato ya mahali hayawezi kuwa ya heshima yakijengwa kwa kuumiza mahali penyewe.

Usalama wa ngozi nao usichukuliwe kirahisi kwa sababu tu kitu ni cha asili. Mafuta ya karafuu yana eujenoli kwa sehemu kubwa, na yakipakwa bila kuchanganywa huunguza. Mafuta ya ganda la mdalasini ni makali zaidi. Mafuta ya maganda ya ndimu yaliyokamuliwa bila mvuke yakikutana na jua la mchana yanaweza kuacha ngozi na mabaka. Ndiyo maana fundi mwaminifu hupima matone, huchanganya na mafuta ya msingi, na humshauri mteja ajaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Wajasiriamali wadogo wanahitaji shirika hilo liwafikie wilayani kwa mafunzo kabla halijawafikia kwa faini.

Watu watauliza bei, na wana haki. Mafuta halisi ya mmea hayawezi kuuzwa kwa bei ya nakala za pafyumu maarufu. Ila hununuliwa kidogo kidogo, kwa nusu au robo tola, na tola nzima haifiki hata gramu 12. Matone mawili hutosha siku. Soko pia linapanuka: Kilosa ina stesheni ya SGR, treni iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na Mikumi hupokea watalii wanaotafuta kitu cha kubeba kisichokuwa kinyago walichokiona kila mahali.

Hatua ya kwanza iko mikononi mwa mnunuzi. Kabla ya kulipia kichupa, amuulize muuzaji nani ametengeneza, msingi wake ni mafuta gani, na harufu imetoka wapi. Halmashauri ya Kilosa ichukue hatua ya pili: ilete kwenye maonesho ya Nane Nane mjini Morogoro meza moja ya mafuta ya mchaichai, karafuu na mdalasini yaliyokamuliwa mkoani, kila kichupa kikiwa na jina la kikundi, kijiji, tarehe na orodha kamili ya kilichomo.