Kompyuta Huanza Kutafuta Wapi?

Mtu aliyeko Musoma akimtuma mtoto sokoni, mtoto huenda soko la Musoma. Neno lile lile likisemwa Bunda humpeleka soko la Bunda, naye hakukosea. Mfano huu sikuutoa siku nilipowafundisha wanachuo kuandika programu ya kusoma alama za mtihani, na kosa hilo ni langu. Programu ilikuwa sahihi, na faili la alama lilikuwamo katika folda ile ile. Hata hivyo baadhi yao waliambiwa na mashine kwamba faili halipo. Wakafuta kazi njema, wakaiandika upya, wakidhani wamekosea herufi.

Lugha ya Python, tuliyoitumia, hutafuta kwa kanuni mbili zisizofanana. Programu ikiagiza faili jingine la programu, kwanza hutazamwa folda ya programu inayoendeshwa, kisha folda zilizotajwa na mwenye mashine, ndipo ifuate maktaba iliyokuja na lugha yenyewe. Linalopatikana kwanza ndilo lichukuliwalo. Kwa hiyo mwanafunzi akiliita faili lake random.py, kisha akataka namba za kubahatisha, huletewa faili lake mwenyewe, na lile la maktaba halifikiwi. Lakini faili la data likitajwa kwa jina tupu hutafutwa mahali pamoja tu, yaani katika folda ambamo kazi imeanzishwa, hata kama programu imehifadhiwa kwingine.

Wapo wenzangu wasemao kwamba haya ni mambo ya mafundi. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwalimu asiyejua mashine inatafuta wapi atamkosoa mtoto aliyepata, na mtoto huyo ataamini kwamba kompyuta si ya watu kama yeye.

Yafaa tuanze ubaoni, nayo shule isiyo na kompyuta yaweza kufanya hivyo. Andika Mara, chini yake Musoma, Bunda na Butiama, chini ya kila jina andika soko. Mwanafunzi “aliyesimama” Butiama aulizwe soko ni lipi, kisha aulizwe Mara/Bunda/soko ni lipi. Penye mashine, waagize os.getcwd() na kusoma jibu kwa sauti kabla hawajagusa programu. Ila msiwazoeze kutumia anwani kamili kila mara: kazi ikihamishiwa kompyuta ya shule nyingine, huenda anwani hiyo isiwepo huko.