Programu Haijazi Sahani

Mwandishi anayetaka kila mwanafunzi wa Mwanza ale kwa kukatwa "boom" lake, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, kupitia programu ya simu anadai kwamba njaa vyuoni inatokana na matumizi mabaya. Nakataa. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2023/24. Humo mna kodi ya chumba, ugali, na sato au dagaa. Ikichelewa, programu itasoma sifuri. Lakini mama lishe wa Mirongo, hapa Mwanza, hufungua daftari, huandika deni, hupakua. Makala ya mwandishi huyo haikuligusa daftari hilo hata kwa sentensi moja.

Na asiye na mkopo je? Na makato? Tulizionja tozo za miamala ya simu Julai 2021. Kila sahani ikilipiwa kwa simu, muuzaji mdogo ataumia kwanza.

Kutumia programu kuhesabu sahani ili kantini isipike chakula cha kumwaga, hilo nalikubali kwa moyo wote. Lakini kumwachia mwanafunzi mlango mmoja tu wa kulia, pesa yake ikishikwa na mwenye zabuni, ni dhuluma. Wakuu wa vyuo, msisaini mkataba wowote wa programu hiyo kabla ya kukaa na mama lishe.