Barua Iliyotumwa Si Barua Iliyofika

Ndugu zangu wanafunzi, na ninyi wenzangu mliokwisha kutoka shuleni,

Vijana wengi husema kwamba kompyuta ikiisha kupokea barua, kazi imekwisha. Mimi napinga neno hilo, na nina haki ya kulipinga, maana zamani nilikuwa mmoja wao, na ujinga wangu ulitutia aibu sote.

Miaka michache iliyopita mwalimu wetu mmoja wa zamani alifariki hapa Bujumbura. Wakati huo mimi ndiye niliyeitunza seva ndogo ya chama chetu cha wanafunzi wa zamani. Nikaandika tangazo la mazishi, nikapanga anwani za wenzetu walioko Kigoma, Nairobi, Brussels na Montreal, kisha nikalikabidhi kwa amri moja ya maandishi kwa programu iitwayo sendmail. Programu ikapokea, wala haikusema neno. Nikaenda kulala na moyo mweupe.

Mwalimu akazikwa siku ya tatu. Siku ya nne mwenzetu mmoja wa Brussels akapiga simu, akauliza kwa uchungu kwa nini hakuambiwa. Hapo ndipo nilipoandika amri ya mailq, ambayo huonyesha foleni ya barua zinazongoja. Zote zilikuwa pale pale! Hakuna hata moja iliyotoka nje ya mji.

Sababu yake ilikuwa ndogo. Seva hupelekeana barua kwa mlango namba 25, na kampuni iliyotuuzia intaneti ilikuwa imeufunga mlango huo, kama zifanyavyo kampuni nyingi duniani ili kuzuia barua za walaghai. Sendmail ilibisha hodi, haikujibiwa, ikangoja, ikabisha tena. Baada ya kungoja muda wa saa 4 iliniandikia onyo, lakini onyo lilikwenda katika sanduku la barua la seva yenyewe, ambalo sikuwahi kulifungua. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Mimi sikumwua, ila nilimfungia mlango, akakaa nje na habari yake.

Tangu siku ile nashikilia kwamba kila mwanafunzi ashikaye kompyuta yafaa afundishwe kutuma barua kwa amri za maandishi, na kusikia kwa masikio yake mwenyewe seva mbili zikizungumza. Mazungumzo hayo si magumu. Seva ya pili husalimu kwa namba 220. Ya kwanza hutaja jina lake, kisha yasema barua yatoka kwa nani, MAIL FROM, na yaenda kwa nani, RCPT TO. Halafu husema DATA, hupewa ruhusa kwa namba 354, humwaga maneno yote ya barua, na mwisho huweka nukta moja peke yake katika mstari. Ikijibiwa 250, basi seva ya pili imekubali dhamana ya barua ile. Kabla ya hapo mzigo ungali mikononi mwako.

Mwanafunzi akumbuke tarakimu ya kwanza tu. Jibu lianzalo na 2 ni kukubaliwa, 3, endelea, 4, rudi baadaye, 5, umekataliwa, usirudi bila kusahihisha. Mwenye kujua hayo manne hadanganywi na ukimya. Sendmail nayo, ukiiambia -v, itakuonyesha mazungumzo hayo mstari kwa mstari. Laiti ningeliandika herufi ile moja usiku ule!

Sheria hizi ziliandikwa na Jonathan Postel huko Marekani mwezi wa Agosti 1982, na sendmail yenyewe ni kazi ya Eric Allman wa chuo kikuu cha Berkeley. Siku zile wenye mitandao walikuwa wachache, wala hakuna aliyeulizwa athibitishe jina lake. Walaghai walipozidi, masharti yakazidi. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo hudai kila mtumaji awe amethibitisha jina la seva yake. Seva yetu ya Bujumbura isipotangaza vizuri ni nani aliyeruhusiwa kutuma kwa jina lake, itahesabiwa pamoja na wezi, hata kama barua yake ni ya msiba.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kompyuta za Nairobi, Kampala na Addis Ababa zilikuwa zikipeana barua na London kwa simu, furushi kwa furushi, na huko London bibi Karen Banks wa GreenNet alizipokea na kuzisambaza. Laini zilikatika, watu wakajaribu tena. Walijua foleni ni nini, kwa kuwa waliiona kila siku.

Najua kuna watakaosema, "Mzee, ya nini taabu hii? Tuna simu mkononi." Haya, na simu yako hupeleka kwa nani? Kwa seva, na seva hiyo ina mtu anayeitunza. Matokeo ya mitihani, barua za nafasi ya masomo, hati za kazi, yote hupita huko. Au watunzaji hao watoke nchi nyingine daima? Wengine watasema kuna programu nyepesi kama msmtp, ambayo huikabidhi barua kwa seva kubwa kwa mlango namba 587, kwa jina na neno la siri. Ni kweli, na mimi huitumia. Lakini yenyewe haina foleni: umeme ukikatika au laini ikifa, hutoa kosa na kuondoka, na asiyesoma kosa lile atapotea kama nilivyopotea mimi.

Basi nashauri hivi. Shule itafute kompyuta mbili kuukuu na waya mmoja wa kuziunganisha. Hapana haja ya intaneti hata kidogo. Kila mwanafunzi atume barua moja kutoka hii kwenda ile kwa amri za maandishi. Kisha mwalimu achomoe waya, na mwanafunzi aitafute barua yake katika foleni, asome kwa nini imekwama. Nanyi wenzangu wa zamani mnaotunza seva za maofisi na vyama, fungueni leo sanduku lile la maonyo. Huenda mna mjumbe mlangoni.

Mwalimu wetu alizoea kuturudishia daftari tusipokuwa tumelisoma tena kabla ya kulitoa. Somo hilo nililijua tangu darasani, nikalisahau siku ya mazishi yake.

Mwanafunzi wa zamani,
Bujumbura