Kusoma Pole-Pole Si Ujinga

Wanafunzi wenzangu,

Ndugu yetu mumoja wa darasa la tatu anapiga hesabu kichwani mbio kuliko sisi wote. Lakini akisoma mbele yetu, herufi zinamuchanganya. Tulimucheka, sasa anasema ataacha shule.

Tunamuita mvivu. Tunakosa. Kuna shida ya kusoma inayoitwa dislexia: haitoke kwa uvivu wala kwa kukosa akili. Tena hapa Masisi na Walikale nyumbani tunasema Kihunde, Kinyanga ao Kinyarwanda, na egzame inakuja kwa Kifaransa!

Musa alikuwa muzito wa kusema. Mungu hakumufukuza, alimupa Haruni. Basi, mumoja wetu akae karibu naye, amusomee maulizo. Na ninyi walimu, tafazali, mumuache ajibu kwa kinywa.