Nesi wenu anasikiliza death metal, na chanjo ni ileile

SEHEMU YA 1



Wiki mbili zilizopita niliweka stetasi. Picha ya jalada la albamu, chini nikaandika: "Nimetoka zamu ya usiku, hii ndiyo dawa yangu." Basi. Kufika saa nne asubuhi nimeshaitwa freemason, nimeshaitwa mchawi, na dada mmoja akaniuliza inboksi kama huwa nauza makondo ya nyuma ya watoto wao. Nikacheka, nikalala.

Niliacha kucheka Jumanne, siku ya kliniki. Mama mmoja alipoona ni mimi niliyeshika sindano, alimrudisha mwanawe mgongoni, akakaza kanga, akasema, "Nitamsubiri yule nesi mwingine." Nesi mwingine alikuwa likizo. Mtoto ana wiki 14. Amerudi nyumbani bila chanjo zake za mara ya tatu kwa sababu ya muziki ninaousikiliza mimi kwenye daladala, tena kwa hedifoni.

Kwa hiyo leo nasema yote. Ni ndefu, bandika maharage kabisa usome.

SEHEMU YA 2

Kwanza albamu yenyewe, maana wengi mmeihukumu kwa picha. Inaitwa Absolute Elsewhere, ya bendi ya Blood Incantation kutoka Denver, Marekani. Imetoka tarehe 4 Oktoba 2024. Ina nyimbo mbili tu. Mbili! Kila moja inapita dakika 20, na imegawanywa sehemu tatu ambazo wenyewe wanaziita vibao, kama vile vibao vya udongo walivyoandikia watu wa kale. Waliirekodi Berlin, kwenye studio za Hansa, pale pale David Bowie alipotengeneza "Heroes" mwaka 1977.

Mdogo wangu anayesoma Nairobi ndiye aliyenitumia. Huko wana mashabiki wao wa siku nyingi, na wavulana wawili wa huko waliojiita Duma walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, muziki mkali kiasi kwamba hii ya kwangu ukiiweka pembeni yake unaweza kulalia. Kwa hiyo msiniambie ni "mambo ya wazungu".

Inaanza kwa gitaa na ngoma zinazokimbia kama pikipiki tatu zinashindana kwenye mteremko, na jamaa ananguruma. Najua, hapo ndipo mnapozima. Mimi pia mara ya kwanza nilizima. Lakini ukivumilia, ghafla ngoma zinakaa kimya. Zinaingia kinanda za umeme, taratibu, kama uko kwenye mtumbwi usiku na bahari imetulia. Mpiga kinanda wa Tangerine Dream, bendi ya zamani ya Wajerumani, amewasaidia hapo. Ukishasahau kabisa kwamba ulikuwa vitani, vita inarudi. Na kwenye wimbo wa pili yule yule anayenguruma anaimba kwa sauti laini kama mtu anayebembeleza mtoto. Nimesikiliza sijui mara ngapi, kila mara napata kitu kipya. Maneno ni ya nyota, anga na fahamu ya binadamu. Hakuna anayechinjwa humo.

Sasa nisiwafiche. Zipo bendi za death metal zinazoimba maiti kukatwakatwa, na zipo zinazomtukana Mungu makusudi. Hizo za pili mimi, mtu wa kanisani, sizigusi. Wala simpigii mtoto wa miaka minne muziki huu. Lakini nyie wenyewe kwenye bethidei mnampandisha huyo wa miaka minne juu ya meza akatikie singeli yenye matusi ya chumbani, mnamrekodi, mnaposti na vicheko. Hapo shetani hayupo? Au anajua gitaa tu?

SEHEMU YA 3

"Ile sauti si ya binadamu." Komenti kama 30 zimesema hivyo. Dada zangu, mimi nimesomea hii miili. Juu kidogo ya nyuzi za sauti, mle mle kooni, kuna jozi nyingine ya mikunjo ya nyama laini. Tukiongea kawaida haina kazi kubwa. Mwimbaji anajifunza kuitikisa kwa pumzi, na hapo ndipo mngurumo unapotoka. Ni mazoezi, kama mwanakwaya wa besi anavyofanya mazoezi. Asiyejua anaumiza koo, anayejua anamaliza shoo anakunywa maji anakwenda kulala.

"Unakufanya uwe katili." Hili limepimwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Sydney, walichukua mashabiki 32 wa muziki huu na watu wengine 48 wasio mashabiki, wakawapigia wimbo unaozungumzia kula nyama ya mtu (ndiyo, walichagua mbaya kabisa), huku wakiwaonyesha picha mbili kwa pamoja, kila jicho na yake, moja ya ukatili na nyingine ya kawaida. Ubongo wa mtu mzima wa akili hushtukia ile ya ukatili kwanza. Wangekuwa wamekufa ganzi, mashabiki wasingeshtuka. Walishtuka sawasawa na wengine.

Na kabla ya hapo, mwaka 2015, wa Chuo Kikuu cha Queensland waliwachokoza wasikilizaji 39 wa muziki mzito mpaka wakakasirika, kisha nusu wakaachwa na muziki wao dakika 10 na nusu wakakaa kimya. Wa muziki hawakupandisha hasira zaidi. Walitulia, na wakasema wamepata ari.

Mimi sikuhitaji kusoma hilo. Kuna usiku wodini tunatoka tumeshinda, na kuna usiku tunatoka tumeshindwa. Nimewahi kumfunga mtoto kwenye kitenge ambacho mama yake alikinunua kwa ajili ya kumpokelea. Ukitoka hapo saa moja asubuhi, kondakta anakuambia "dada changamka sogea nyuma," redio inakuambia tabasamu leo ni siku njema. Mwenzenu siwezi kutabasamu. Nahitaji kitu chenye uzito uleule nilioubeba, kinibebee dakika 43 mpaka nifike nyumbani. Nikishuka kituoni naweza kuwakumbatia wanangu bila kuwalilia. Mkinipokonya hicho mtanipa nini?

SEHEMU YA 4

Hii ni ya wenye vijana wa kidato, maana mmoja wenu ameniambia amevunja simu ya mwanawe kwa sababu alimkuta na muziki "wa mafuvu".

Anayetajwa sana kama baba wa death metal ni Chuck Schuldiner, alikulia Florida. Alipokuwa na miaka 9, kaka yake wa miaka 16 alikufa kwa ajali ya gari. Mtoto akaumia. Wazazi wake wakamnunulia gitaa, wakidhani litamsaidia kuomboleza. Masomo ya gitaa yakamchosha, alikaribia kuacha. Wakamnunulia gitaa la umeme, la mtumba. Albamu ya kwanza ya bendi yake, Death, ilitoka mwaka 1987.

Someni tena hapo juu polepole. Gitaa lile lilinunuliwa na wazazi waliofiwa, kwa ajili ya mtoto aliyefiwa.

Mwaka 1999 akapatikana na uvimbe kwenye shina la ubongo. Matibabu yalikuwa ghali, pesa haikutosha, na waliochangishana ni wale wale wenye fulana za mafuvu, wakapiga matamasha ya kumchangia. Alifariki Desemba 2001, ana miaka 34. Na mama yake, Jane Schuldiner, wakati mwanawe anaumwa, alikuwa akiwasihi mashabiki wa mwanawe wakate bima ya afya. Mama wa death metal huyo, anasema maneno yale yale ninayowaambia mimi kila Jumanne na hamnisikii.

Kwa hiyo wewe uliyevunja simu: mwanao alikuwa anasikiliza nini, na kwa nini mwaka huu? Ulimuuliza kabla ya nyundo? Kama halali, hali, amejitenga na wenzake, anasema hana maana duniani, mlete tuzungumze naye, na hilo ni kweli hata kama anasikiliza kwaya asubuhi hadi jioni. Kama anakula vizuri, anasoma na anacheka na wenzake, huyo anapenda gitaa tu.

SEHEMU YA 5

Mnataka niogope kitu kwenye muziki? Naogopa spika.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na mtoto 75. Ukipandisha mpaka 90, mtu mzima ana saa 4 tu kwa wiki nzima. Ndani ya sikio kuna seli zenye vinywele vidogo sana, hizo ndizo zinazosikia. Zikifa haziooti tena. Hakuna sindano, hakuna maombi ya kuzirudishia vinywele. Na sikio halijui kama ni injili, taarabu au Blood Incantation.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye sherehe ya ubatizo. Spika ndefu kuliko mimi, na mbele yake, hatua mbili, mtoto wa wiki sita kwenye kibebeo, analia hakuna anayemsikia. Nilipomwomba mama yake amsogeze, akaniambia, "Nesi acha, azoee." Huyo huyo alikuwa ameniandikia komenti ya shetani. Mimi hedifoni zangu ziko chini ya nusu, njoo uangalie.

Na yule mama wa Jumanne, kama unasoma: sikudai uniombe msamaha. Jumatano nipo kuanzia saa mbili, na nesi mwingine amerudi likizo, tutakuwa wote wawili. Chagua umtakaye. Lete mtoto, na kadi usisahau.