Dada wa Watu Kang'oa Jakuzi, Mnasema Kafulia?

Mwigizaji mmoja wa Bongo Muvi (jina kapuni) alitupia kavideo kafupi wiki iliyopita. Mafundi wawili wanashusha sinki la kuogea kwenye ngazi za ghorofa, vumbi kila mahali, yeye kajifunga kanga kichwani anawaelekeza wasigonge ukuta. Hakuandika maelezo. Basi mtandao ukapata kazi ya kufanya. "Kafulia huyo." "Kauza mpaka jakuzi!" "Danga limekata huduma." Mmoja akaenda kufukua picha ya zamani, ile ya povu na maua ya waridi na glasi mkononi, akaiweka sambamba na hii ya vumbi.

Katika komenti zote hizo alijibu moja tu, ya mtu aliyemuuliza kistaarabu kulikoni. "Mama sasa hivi anaoga mwenyewe, dada yangu." Jibu hilo halikupata hata laiki mia. Ile picha ya kulinganisha imefika mpaka kwenye magrupu ya familia.

Tuseme ukweli, watu wengi wanaocheka hawajawahi kumwona mzazi wao akisimama mbele ya lile sinki anaogopa kuingia. Ukingo wake huwa sentimita 50 na ushee kutoka sakafuni. Mwenye magoti yanayouma, au aliyepata kiharusi upande mmoja ukalegea, anatakiwa ainue mguu mmoja avuke huo ukingo huku mguu mwingine umesimama kwenye tailizi zenye maji na povu. Kutoka ni kazi zaidi kuliko kuingia, maana ndani kunateleza kuliko nje. Matokeo yake mama mtu mzima anaogeshwa, ama na binti yake, ama na dada wa kazi ambaye ni umri wa mjukuu wake. Hakuna mama anayefurahia hilo, hata kama anasema "haina shida mwanangu". Wengine huanza kuruka siku. Anasema leo kuna baridi. Dar, Desemba, baridi gani?

Halafu hilo neno lenyewe. Mjini kila sinki la kuogea linaitwa jakuzi, hata lisilotoa povu moja. Jacuzzi ni jina la ukoo wa Waitaliano waliohamia Marekani, watengenezaji wa pampu za maji. Miaka ya 1950 mmoja wao alikuwa na mtoto mdogo anayeumwa baridi yabisi, wakatengeneza pampu ya kusukuma maji bafuni ili mtoto apate tiba ya viungo akiwa nyumbani. Yaani kitu kinachotumika leo kumcheka mtu eti kafulia kilianza kwa sababu ya mgonjwa wa ndani ya nyumba. Huyu dada kafanya lilelile, ila yeye kakitoa.

Na hayo mabafu ya apatimenti za Sinza na Mikocheni, wadau, mnayajua. Mita mbili kwa moja na nusu, au zaidi kidogo. Sinki la kawaida lina urefu wa sentimita 170 na upana wa 70. Ukishaweka hilo, choo na sinki la kunawia, mlango wenyewe unafunguka kwa kuomba. Wenye nyumba wanaliweka kwa sababu kwenye picha ya tangazo linapandisha kodi. Linatumika lini? Kulijaza kunakula lita 150 na zaidi, ndoo kubwa saba au nane. Simtanki la lita 1,000 linaisha kwa kuoga mara sita tu. Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na Dar ikaingia kwenye mgao, majakuzi mengi yaligeuka kuwa matangi ya akiba, na mengine hayajarudi kazini mpaka leo, yanalowekea mashuka. Shawa ya kawaida ya lita nane au kumi kwa dakika, ukioga dakika tano umetumia lita 50 kwa wingi. Ila anayesimama chini ya shawa nusu saa akisikiliza pleilisti nzima asijisifu, huyo na mwenye jakuzi ni walewale.

Sasa, kung'oa siyo fasheni ya kuigwa kichwa kichwa. Kuna msanii mmoja wa kiume (naye kapuni) alifanya hivyohivyo kwa ajili ya muonekano. Tailizi nyeusi zinazong'aa kama za sebuleni, kioo mpaka juu, taa za bluu. Inasemekana maji yanatoka bafuni yanaenda kusalimia zulia la chumbani, na jirani wa chini dari yake imeota ramani. Sababu ni ileile siku zote: fundi aliharakishwa.

Shawa isiyo na kizingiti inategemea vitu ambavyo kwenye picha havionekani. Sakafu lazima iteremke kuelekea kwenye tundu la maji, sentimita moja mpaka mbili kwa kila mita, bila hivyo maji yanasimama au yanatembea. Dawa ya kuzuia maji inapakwa kabla ya tailizi, sakafuni na ukutani mpaka juu ya kichwa cha anayeoga, na inaachwa ikauke sawasawa. Grauti peke yake haizuii maji, fundi akikwambia inatosha, tafuta mwingine. Kabla ya tailizi kubandikwa tundu linazibwa, maji yanajazwa kidogo, yanaachwa siku nzima, halafu mtu anashuka kwa jirani kuangalia dari. Ni aibu ya dakika tano, kuliko kulipia dari ya watu. Kwa ghorofa kuna jingine: bomba la kutolea maji linahitaji kina, na zege halichimbwi hovyo. Pengine sakafu ya shawa itabidi ipandishwe kidogo. Na nyumba ya kupanga ruhusa ni ya maandishi, maana sinki hilo ni mali ya mwenye nyumba.

Tailizi za chini ziwe ndogo na zenye mkwaruzo, zile nafasi za grauti ndizo zinazoshika unyayo. Kioo kimoja kisichofunguka kinatosha, kiwe kile ambacho kikivunjika kinakuwa chembechembe, siyo mapande ya kuchinja. Na vyuma vya kushikia vifungwe ndani ya tofali kabisa. Kile cha kuanikia taulo siyo cha kushikia, kitamwangusha mtu siku anayokitegemea.

Kwenye kile kavideo, sekunde za mwisho kabisa, kuna chuma hicho ukutani, kimefungwa chini kuliko kawaida. Kimo cha mtu aliyekaa. Pembeni kuna kiti cha plastiki. Wote waliokuwa wanahesabu alichopoteza hawakukiona.

Wapo wanaosema kwa hoja kwamba nyumba yenye watoto inahitaji sinki. Sawa, lakini watoto wengi wa mjini wanaogea beseni na wanalipenda. Wapo pia wanaosema angeweka kiti cha kuvukia tu, gharama nafuu. Kwa ambaye bado ana nguvu za mikono inawezekana. Kwa ambaye mkono mmoja umelala, bado ukingo uko palepale.

Na kwa wanaouliza jakuzi kaliuza bei gani: hakuliuza. Habari za chini ya kapeti zinasema fundi aliomba, akalipakia kwenye guta mpaka kwake, sasa hivi anafugia kambale.